Unamwamini Daktari Wako? Swali Baya kwa Watu wa Migori na Homa Bay

Leo naweka kando habari za seva na lugha za programu nizungumzie swali moja tu. Swali lenyewe ni hili: "Je, unamwamini daktari wako?" Chini yake kuna vitufe vitano, kuanzia "simwamini kabisa" hadi "namwamini sana".

Sisi tunaotengeneza fomu za kukusanyia data kwa simu huletewa maswali ya namna hii kila mara. Kulitia kwenye programu ni kazi ya dakika mbili. Mgonjwa anaulizwa, kitufe kinabonyezwa, namba inasafiri hadi kwenye seva, na jioni mkubwa fulani aliyeko Nairobi anafungua ukurasa wake na kukuta mchoro wa kijani: imani iko juu. Basi, kila mtu analala usingizi mzuri.

Mimi nasema namba hiyo haina kazi, na wakati mwingine inadhuru. Wala sisemi kwamba imani ya mgonjwa haiwezi kupimwa. Inaweza, na moja ya kazi nzuri za upimaji wa namna hiyo ilijaribiwa hapa hapa Kenya, katika kaunti ya Migori. Nitaieleza. Hoja yangu ni kwamba ukitaka kuijua imani, muulize mgonjwa alitendewa nini, muulize akiwa mbali na yule anayemhudumia, kisha umrudishie majibu. Ukikosa hayo matatu, unapima adabu ya watu, si imani yao.

Kwa nini nimezichagua Migori na Homa Bay? Kwa sababu huko imani si jambo la kupamba ripoti. Uchunguzi wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay wanaishi na virusi vya UKIMWI, na Migori asilimia 13, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 4.9. Sasa fikiria maana yake. Mtu mwenye malaria anaweza kutibiwa na daktari asiyempenda, akameza dawa siku tatu, akapona, wakaachana. Mtu anayetumia ARV hana njia hiyo. Atarudi kituoni, na kurudi tena, maisha yake yote. Akitukanwa leo mbele ya foleni na kuamua kukaa nyumbani miezi sita, virusi havimsubiri apoe hasira.

Historia ya huko nayo inafundisha. Shirika la Médecins Sans Frontières lilianza kutoa ARV katika hospitali ya serikali ya Homa Bay mwaka 2001, wakati dawa hizo zilikuwa bado ni za wenye fedha. Watu walitakiwa kuamini vidonge ambavyo hawakuwa wamemwona jirani yeyote akiishi kwa ajili yake. Waliamini kidogo kidogo, kwa kuona waliokuwa wamelala kitandani wakirudi shambani.

Na upande wa pili wa sarafu upo pia. Kati ya miaka ya 2007 na 2009 watafiti, akiwemo Janet Turan, waliwafuatilia wajawazito wa Nyanza katika utafiti uliopewa jina la MAMAS, ambalo ndani yake limo jina la Migori lenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba wanawake walioona unyanyapaa wa UKIMWI ni mkali katika jamii yao walikuwa na uwezekano mdogo wa kujifungulia mikononi mwa mkunga mwenye ujuzi. Kulikuwa na hofu ya kupimwa, hofu ya siri kutoka, na hofu kwamba kujifungulia hospitali kwenyewe ni kama kutangaza kwamba una virusi. Hebu niambieni, kitufe cha "namwamini sana" kingeweza kuyaona haya? Mama anaweza kumwamini nesi kwa moyo wote na bado asiende, kwa sababu asiowaamini ni wale waliokaa kwenye benchi la nje.

Sasa turudi kwenye hojaji zenyewe. Watu hawakuanza jana kupima imani kwa daktari. Mwaka 1990 Wamarekani wawili, Anderson na Dedrick, walichapisha kipimo chenye sentensi 11 ambazo mgonjwa anakubali au kukataa. Mwaka 2002 kikatoka kingine cha sentensi 10, kinachojulikana kwa jina la chuo kikuu cha Wake Forest. Ni kazi za watu makini. Walitambua kwamba imani ina sehemu zake: je, daktari anaweka maslahi yangu mbele? Anaijua kazi yake? Ananiambia ukweli? Hayo ni maswali yanayomfaa binadamu yeyote.

Taabu inaanza pale sentensi hizo zinapochukuliwa, zikatafsiriwa na kutiwa kwenye simu kisha kupelekwa Ndhiwa au Kehancha. Taabu ya kwanza ni neno "daktari". Kipimo cha Marekani kinamdhania mgonjwa mwenye daktari wake, anayemjua kwa jina na kumwona mwaka hadi mwaka. Kwetu, zahanati ya kijijini inaendeshwa na wauguzi, na kituo cha afya mara nyingi kiko mikononi mwa maafisa wa kliniki. Wote hao wananchi huwaita daktari. Aliyekuhudumia mwezi jana amehamishwa, wa leo ni mwanafunzi, wa mwezi ujao hajulikani. Ukimuuliza mama wa Mbita kama anamwamini "daktari wake", anapaswa kumfikiria nani? Akijibu nne kati ya tano, ile nne ni ya nani?

Halafu kuna migomo. Madaktari wa Kenya waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, na mwaka huo huo wa 2017 wauguzi nao wakagoma miezi mitano. Mwaka 2024 madaktari waligoma tena siku 56. Ukipima wiki ile baada ya mgomo, alama zitashuka. Je, ni imani kwa yule afisa wa kliniki iliyoshuka, au ni imani kwa serikali iliyoshindwa kumlipa mwenzake? Namba moja haiwezi kukujibu. Vile vile mgonjwa anaweza kumwamini daktari lakini asiliamini duka la dawa la hospitali, kwa sababu anajua ataandikiwa dawa na kuambiwa akanunue mjini.

Taabu ya pili ni lugha. Kwa Kijaluo kuna geno, ambalo linabeba tumaini pamoja na kutegemea, na kuna yie, ambalo ni kusadiki na pia kukubali. Mfasiri lazima achague. Akichagua la kwanza, anauliza kama mgonjwa ana tumaini. Akichagua la pili, pengine anauliza kama mgonjwa anamkubali daktari. Na Migori si ya Wajaluo peke yao, wapo Wakuria. Homa Bay ina Wasuba, visiwani Mfangano na Rusinga. Hata Kiswahili chetu hakijasalimika, maana "imani" hiyo hiyo ndiyo ya msikitini na kanisani.

Na kuna mtego mwingine ambao watengenezaji wa programu wanapaswa kuujua. Baadhi ya vipimo hutia sentensi za kukanusha makusudi, ili kumnasa anayejibu bila kusikiliza. Chukua mfano wangu: "Daktari hakunieleza dawa hizi ni za nini." Mama akijibu "ndiyo", Mswahili anaelewa mara moja: ndiyo, hakunieleza. Lakini mtu aliyezoea Kiingereza anaweza kuiandika kinyume kabisa, kwamba ndiyo, alinieleza. Mashine haina ubishi. Itapokea jibu lililogeuzwa na kulijumlisha pamoja na mengine.

Taabu ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni mahali na muulizaji. Unamkuta mgonjwa mlangoni, ana dawa mkononi, nesi yuko hatua tano kutoka hapo, na muulizaji amevaa fulana ya mradi unaolipia kliniki ile ile. "Mama, unamwamini daktari?" Mama huyo amelelewa vizuri. Anajua pia kwamba mwezi ujao atarudi pale pale kuomba dawa. Atajibu nini? Nyote mnajua atajibu nini. Ile asilimia kubwa inayotoka hapo haithibitishi kwamba watu wameridhika. Inathibitisha kwamba hawana kituo kingine cha kwenda.

Basi tufanye nini? Hapa ndipo ninapotaka kuisifu ile kazi ya Migori. Mtafiti Patience Afulani na wenzake walitaka kupima jinsi wanawake wanavyotendewa wakati wa kujifungua. Hawakuridhika na kutafsiri tu. Walikusanya maswali, wakayapitisha kwa wataalamu, kisha wakakaa na wanawake wakiwauliza wanayaelewaje maswali yenyewe. Sisi wa kompyuta tungesema waliijaribu bidhaa kwa watumiaji kabla ya kuitoa. Mwaka 2016 wakahoji zaidi ya wanawake 1,000 wa Migori waliokuwa wamejifungua ndani ya wiki tisa zilizopita, mambo yakiwa bado hayajasahaulika. Kipimo kilichochapishwa mwaka 2017 kina maswali 30, kila moja lina alama 0 hadi 3, jumla 90. Yamegawanywa sehemu tatu: heshima na utu, mawasiliano na uhuru wa kuamua, na msaada kwa mgonjwa.

Angalia maswali yanavyoulizwa. Je, walikueleza majina yao? Walikuita kwa jina lako? Walikuomba ruhusa kabla ya kukupima? Walikueleza kwa nini wanakupa dawa? Ulipoomba msaada walikuja? Majibu nayo si "nakubali kiasi" wala "nakataa kiasi", maneno ambayo hakuna mtu anayeyatumia akizungumza na jirani yake. Yanataja mara ngapi: kamwe, mara chache, mara nyingi, kila mara. Swali la imani nalo limo, lakini ni moja kati ya 30. Limezungukwa na matendo.

Hiyo ndiyo akili ninayoizungumzia. Mama anaweza kuona haya kusema hamwamini nesi, lakini hana sababu ya kuona haya kusema nesi hakumtajia jina lake. La kwanza ni hukumu juu ya mtu, la pili ni habari tu. Na habari ina faida nyingine: inaweza kurekebishwa. Ukimwambia msimamizi wa hospitali kwamba imani ni 3.7 kati ya 5, atafanya nini Jumatatu asubuhi? Ukimwambia kwamba wahudumu wake hawajitambulishi wala hawaombi ruhusa, Jumatatu asubuhi anajua pa kuanzia.

Kipimo hicho kilipotumiwa Kenya, Ghana na India, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha wastani wa juu kabisa ulikuwa 60.2 kati ya 90, wa mjini nchini Kenya, na wa chini kabisa 46.5, wa kijijini nchini Ghana. Sehemu iliyopata alama duni ilikuwa ile ya mawasiliano na uhuru wa kuamua. Kwa maneno mengine, watu hawaelezwi na hawaulizwi. Ile "asilimia tisini ya imani" ingelifunika jambo hili lote kwa rangi ya kijani.

Mtaniambia, ndugu mwandishi, maswali 30 ni mengi, mama ana mtoto mgongoni na bodaboda inamsubiri. Kweli. Lakini watengenezaji wa kipimo hicho wamekwisha kutoa toleo fupi. Hata maswali matano ya matendo ni bora kuliko moja la hisia. Ufupi si kisingizio cha kuuliza swali baya.

Upo pia ushahidi ambao hauhitaji kuuliza mtu chochote, na umelala ndani ya kompyuta zetu. Kliniki nyingi za VVU nchini zinatumia KenyaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS. OpenMRS ni programu huria iliyoanza mwaka 2004, na mizizi yake iko Eldoret. Humo kila tarehe ya kurudi imeandikwa. Mgonjwa asipoonekana kwa muda uliowekwa, mfumo unamwandika kuwa amepotea. Watafiti wa Afrika Mashariki walipokwenda kuwatafuta vijijini baadhi ya hao "waliopotea", walikuta wengi wanaendelea na dawa katika vituo vingine. Walihama kimya kimya, bila barua. Mtu anayeacha kituo kilicho karibu akalipa nauli kwenda cha mbali amekwisha kupiga kura yake. Sisemi kila anayehama amekosa imani, wengine wamehamia kwa ndoa au kazi. Lakini kituo ambacho watu wake wanahama kimya kwa wingi kinapaswa kuulizwa maswali kabla ya kusifiwa kwa vitufe vya kijani.

Hapo ninagusa jambo ambalo wapenda teknolojia wenzangu hawapendi kulisikia. Kukusanya data za imani kunaweza kuiua imani yenyewe. Mwezi wa Februari 2015 ilitolewa amri ya rais kwamba yakusanywe majina ya watoto wa shule wanaoishi na VVU, pamoja na habari za wazazi wao. Asasi ya KELIN na wenzake wakaenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba jambo hilo linavunja Katiba. Mwaka 2019 tukapata sheria ya kulinda data. Hayo yote ni mema. Hata hivyo mtu wa kijijini hasomi sheria, anakumbuka tu kwamba kuna siku walitaka kuandika majina ya watoto.

Sasa tuna wahudumu wa afya ya jamii, wale CHP, kama 100,000 nchi nzima, ambao serikali iliwapa vifaa na simu Septemba 2023. Ni hatua kubwa. Lakini CHP ni jirani yako. Anamjua mumeo na mama mkwe wako. Kuna watakaosema: tumpe CHP lile swali la daktari, tayari ana simu na tayari anazunguka nyumba kwa nyumba. Mimi nasema hapana. Usimpe mtu kazi ya kupima mfumo ambao yeye ni sehemu yake. Na usimtie jirani katika siri ambayo hakuiomba.

Na hata hivyo, ni majirani hao hao wanaotufundisha imani inatoka wapi. Kijiji cha Lwala, karibu na Rongo, kilichangia nauli ya kijana wao Milton Ochieng' kwenda kusoma Marekani. Yeye na ndugu yake Fred, wote madaktari, walifungua kliniki kijijini hapo mwaka 2007. Baadaye shirika lao liliwachukua wakunga wa jadi, wanaoitwa nyamrerwa, likawafunza na kuwafanya wahudumu wa afya badala ya kuwapiga vita. Wanawake walikuwa tayari wanawaamini nyamrerwa. Kliniki ilichofanya ni kuingia kwa mlango uliokuwa wazi. Funzo lake ni kwamba imani ilikuwapo kijijini kabla ya kipimo chochote.

Kwa hiyo, kwa wale wanaotengeneza fomu hizi, na wale wanaozilipia, yafuatayo ndiyo ninayoyadai:

1. Ulizeni matendo kwanza, hisia baadaye. Swali la imani likiwapo, liwe la mwisho.

2. Semeni mnamuulizia nani: nesi wa leo, kituo, au serikali. Msichanganye watatu kwenye kitufe kimoja.

3. Jaribuni maswali kwa Kijaluo, Kikuria na Kiswahili mbele ya wagonjwa wenyewe, na mfute sentensi za kukanusha.

4. Ulizeni nje ya kituo, na muulizaji asiwe wa kituo hicho. Jina la mgonjwa lisiingie kwenye fomu kabisa. Data usiyokuwa nayo haiwezi kuibiwa.

5. Matokeo yabandikwe ukutani mwa kituo, kwa lugha ya watu, na pembeni yaandikwe yatakayobadilishwa na lini.

La tano ndilo linalosahaulika kila mara. Mnakuja, mnauliza, mnaondoka. Mwaka ujao mnakuja tena na simu mpya. Mgonjwa anajifunza kwamba kuulizwa ni desturi tu, kama kutia sahihi kitabu cha wageni.

Kwa nini nalisema hili sasa? Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai 1 mwaka huo USAID ikafungwa rasmi. Kliniki za VVU zilizokuwa zikijitegemea zimekuwa zikiunganishwa na huduma za kawaida za hospitali. Mgonjwa aliyezoea chumba kidogo na nesi mmoja anayemjua anaambiwa apange foleni pamoja na mwenye kikohozi na mwenye jeraha, mbele ya watu wa kijijini kwake. Huenda ikawa mpango mzuri kwa muda mrefu, mimi si daktari. Ninachojua ni kwamba imani iliyojengwa ndani ya chumba kile kwa miaka mingi haihamishwi kama faili. Mtu fulani lazima apime kama imehama, na apime vizuri, kabla hatujaanza kuwahesabu waliopotea.

Tukipeleka vitufe vitano, tutaambiwa kila kitu ki shwari. Wanaofanya kazi Migori na Homa Bay, mnasemaje? Na ninyi mliowahi kuulizwa swali hilo mlangoni mwa kliniki, mlijibu nini, na mlimaanisha nini?